Trei ya Asante

Koko yangu alimkataza Dokta Elinami kusema asante, na Dokta akasema asante. Yote yaliyofuata yametoka hapo, ingawa ukienda pale kituoni leo ukauliza, utaambiwa yalitoka mdomoni mwangu.

Koko ni bibi, mama yake baba. Anaitwa Nkasiogi, na boma lake liko juu ya Ngaramtoni, upande wa machweo wa Mlima Meru, pale mfereji unaposhuka kutoka msituni na kupita shamba hadi shamba, kila nyumba na zamu yake ya maji. Ana migomba, ana ng'ombe wawili na mbuzi wasumbufu, na alikuwa na matuta ya nyanya ambayo hakuna aliyekuwa nayo ila aliyepewa na yeye. Nyanya ndogo, yenye mikunjo kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba, ngozi ngumu. Si ya kupigia picha. Wanunuzi wa sokoni walimtania.

"Koko, hii ni nyanya au kiazi kimeona haya?"

"Nunua hizo zako zinazopasuka kabla hujavuka barabara," aliwajibu.

Lakini aliyeinunua mara moja alirudi. Mchuzi wake ulikuwa mzito, mkali kidogo, na hata ukiisahau kapuni hailainiki upesi.

Koko hakuwahi kununua mbegu. Kila msimu alichagua nyanya zilizompendeza, akakamua mbegu zake, akazichanganya na majivu na kuzipaka kwenye ubao uliopigiliwa ukutani juu ya mafiga. Zilikaukia hapo, zikashika kama ukurutu. Mvua zikikaribia alizibandua kwa ukucha. Mwanamke wa jirani akija kuomba, alimbandulia, ila kwa sharti: husemi asante. Unapokea kwa mikono miwili, unanyamaza, unaondoka. Ukivuna, unarudisha kiganja kama kile ulichopewa.

"Asante ni ya kitu kilichokwisha," alituambia tukiwa watoto. "Chakula utashukuru, kimekwisha. Mbegu haijaisha. Ukiishukuru ni kama umesema hutarudi."

Nilikua nikidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Mimi ni Silantoi. Nina stashahada ya maabara, na nilikuwa na mkataba katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao pembeni mwa jiji la Arusha. Jina lake silitaji, chenyewe kinajijua. Mkuu wetu wa mradi alikuwa Dokta Elinami, mtu wa Machame, mzee wa kanisa, mpole, mwenye kicheko cha kusikika mpaka getini. Sisi vijana wake alituita "wanangu", na alimaanisha. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za mtu mbaya. Mtu mbaya ningemsahau.

Mradi wenyewe ulikuwa huu: kuchukua jeni ya pilipili na kuiingiza kwenye nyanya, ili nyanya iukatae mnyauko, ule ugonjwa unaoingilia mizizini na kuuangusha mmea ungali kijani. Kazi hiyo naweza kuieleza kwa Kiswahili, maana inaelezeka, ingawa mwenzangu wa mezani, Brayson, alinicheka kwa hilo kila siku.

"Mwalimu wa lugha, acha hilo chipukizi lako, sema shuti kama watu."

"Shuti piga huko uwanjani, Brayson. Hapa nina chipukizi."

Unachukua mbegu, unaiosha kwa jiki mpaka isibaki na kijidudu, unaiotesha ndani ya chupa. Yakifunguka yale majani mawili ya kwanza, unayakata vipande. Vipande unavichovya kwenye maji yenye bakteria fulani wa udongoni. Huyu ana tabia ya ajabu: kazi yake ya kuzaliwa ni kuchomeka sehemu ya jeni zake ndani ya mmea. Wewe umeshamnyang'anya ile yake yenye madhara, ukampa ya pilipili, naye anaibeba na kuichomeka bila kujua kwamba ametumwa. Kisha unavilaza vipande kwenye chakula kilichoganda kama uji uliopoa, kilichotiwa dawa. Kipande ambacho hakikupokea jeni kinageuka cheupe kama karatasi na kufa. Kilichopokea kinabaki kijani, kinavimba, na kwenye uvimbe ule, kikipenda, kinatoa chipukizi. Unalikata, unalihamishia kwenye chupa nyingine, linatoa mizizi. Kutoka kipande cha jani umepata mmea mzima.

Kikipenda, nimesema. Nyanya za kununua zilikataa. Vipande vyake vilivimba, vikawa kahawia, vikaishia hapo. Tulibadilisha chakula, tukabadilisha dawa, tukabadilisha hata taa. Dokta akaanza kunyamaza wakati wa chai, na Dokta kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha. Ndipo nikasema, kwetu kuna nyanya isiyojua kufa.

Jumamosi tukapanda naye kwa Koko. Niliinamisha kichwa kwa salamu ya kwetu, Koko akanigusa utosini. Dokta akatoa shikamoo yake, akaitikiwa, akapewa kigoda. Alikaa magoti yakimfika kifuani, na hakulalamika.

"Unataka kuipeleka wapi nyanya yangu?" Koko aliuliza.

"Maabara, bibi. Tuifundishe kuukataa mnyauko."

"Haina mnyauko."

"Leo haina. Mnyauko uko huko bondeni, ila iko siku utapanda huku."

"Utapandaje? Una miguu?"

Dokta alicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Koko hakucheka. Alinitazama mimi, si yeye.

"Itarudi?"

"Itarudi, Koko. Mimi mwenyewe nitairudisha."

Akasimama, akaingia jikoni, tukasikia ukucha wake ubaoni. Alirudi na mbegu kwenye kipande cha kanga. "Pokea, ila usiseme asante," akamwambia Dokta, na mimi nikamfafanulia sababu yote, kwa nukta na mkato. Dokta akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akapokea kwa mikono miwili, kimya, vizuri kabisa. Tukaingia garini. Gari limeshawaka, akashusha kioo, akatoa mkono nje, akapunga.

"Bibi, asante sana! Mungu akubariki!"

Koko aligeuka akatupa mgongo.

Jioni nilimpigia simu kumwambia ni mazoea ya mdomo tu, watu wa mjini ndivyo walivyo.

"Ni mazoea ya mtu anayeondoka jumla," akasema, akakata.

Nyanya ile ilifanya maajabu. Vipande vyake vilivimba mapema, na juu ya uvimbe machipukizi yakaota yakibanana kama watoto mlangoni. Nilipoyaona mara ya kwanza nilipiga kelele, Brayson akadhani nimejichoma. Baada ya miezi tulikuwa na chupa za aina mbili kwenye chumba cha taa. Za kwanza zilikuwa nyanya ya Koko yenye jeni ya pilipili. Za pili zilikuwa nyanya ile ile, iliyopita njia ile ile ya chupa na chakula, ila haikuguswa na bakteria wala jeni. Tuliitunza ili tulinganishe. Hizo tuliziita mashahidi. Tulipozitia ugonjwa kwenye vyungu ndani ya kitalu nyumba, mashahidi walilala, na zenye jeni zikasimama. Dokta alitukumbatia mmoja mmoja. Alimkumbatia hata fundi wa bomba aliyekuwa anapita.

Kwa furaha hiyo akanunua trei.

Ilikuwa trei ya miche ya nyanya chotara kutoka kwenye kitalu cha kando ya barabara, miche minene, ya kijani cha kupendeza. "Bibi yako lazima tumshukuru," alisema. Nilikwenda naye, trei nimeipakata. Nilimkumbusha kwamba kwa Koko mbegu haishukuriwi. Akanijibu kwa upole, kama anayemjibu mtoto Jumapili, "Binti yangu, shukrani haijawahi kumdhuru mtu."

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo kila kitu kilipovunjika, na hakikuvunjwa na ubaya wa mtu. Zawadi ya mgeni kwetu haitupwi, wala haiwekwi pembeni. Mgeni amepanda mlima na kitu mkononi. Kitu hicho kinapewa nafasi ya heshima. Na kwenye shamba la mfereji nafasi ya heshima ni moja, ni tuta la juu kabisa, lile linalokunywa maji ya kwanza. Koko hakuipenda miche ile. Hakuitaka. Lakini aliipanda kwenye tuta la juu, kwa mikono yake, kwa sababu ilikuwa zawadi. Kutoka hapo maji yaliteremka tuta hadi tuta mpaka chini, kama yalivyoteremka miaka yote.

Alinipigia mwenyewe. "Njoo. Nyanya zimelala."

Nilikuta miche ya Dokta imekauka tayari. Iliyofuata ilikuwa imeinamisha vichwa, kijani bado, kama watu waliosinzia ibadani. Ya chini kabisa ndiyo kwanza inaanza. Nilikata shina moja, nikaomba glasi ya maji safi, nikalining'iniza humo. Kutoka kwenye mkato kukaanza kushuka nyuzi nyeupe, polepole, kama moshi unaokwenda chini badala ya juu.

"Ni maziwa?" Koko akauliza.

"Ndio ugonjwa wenyewe, Koko."

"Umetoka wapi? Tangu niolewe hapa haujawahi kufika."

Niliangalia tuta la juu. Naye akaliangalia. Akashika kiuno.

"Ile asante," akasema.

Nyanya za majirani aliowabandulia, zilizokunywa maji ya mfereji huo huo chini yake, zililala pia. Msimu ule alikuwa amepanda karibu mbegu zote. Zilizobaki ubaoni alizipanda baadaye, nazo zikaota vizuri, zikalala. Mnyauko ukishaingia udongoni hautoki. Unakaa miaka, unangoja. Ubao wa jikoni ukabaki na alama nyeupe za majivu tu. Siku niliyomweleza hayo hakulia wala hakulaani. Aliniangalia vilevile kama siku ile ya kwanza.

"Basi irudishe. Ulisema wewe mwenyewe utairudisha."

Uchungu wake uko hivi. Nyanya pekee ambayo ingeweza kuishi kwenye udongo ule wa Koko ilikuwa nyanya ya Koko yenye jeni ya pilipili, nayo sheria inakataza isitoke nje ya kituo. Sheria hiyo siipingi. Mmea wa namna ile haujapimwa vya kutosha, huwezi kuutupa kijijini kama ganda la ndizi. Mbegu za kwenye kanga tulishazimaliza; mimi nilitaka mashahidi. Mashahidi hawakuwa na kitu ndani yao ambacho hakikutoka kwenye ubao wa Koko. Wasingeishi kwenye matuta yake, lakini tulikuwa na njia. Koko alikusanya ndoo zilizotoboka, masufuria yaliyochakaa, hata beseni la kuogea watoto, akapanda juu hadi ukingo wa msitu, akajaza udongo mweusi usiowahi kulimwa nyanya. Akazipanga ukutani mwa nyumba, upande wa jua. Kila nilipokwenda nilizikuta zimenyunyiziwa maji, hazina kitu.

Nilimwendea Dokta ofisini. Nikamwambia yote, na la trei pia. Alivua miwani.

"Ile miche ilikuwa mizuri, Silantoi."

"Ilikuwa mizuri, Dokta. Ugonjwa ulikuwa mizizini."

"Una hakika?"

"Nimeuona kwenye glasi."

Aliirudisha miwani usoni. Halafu akasema, taratibu, "Hilo la trei lisitoke nje ya chumba hiki. Watu wa mnyauko kupeleka mnyauko! Tutachekwa hadi Dar." Kuhusu mashahidi akasema nisubiri, angelipeleka kwa wakubwa. Nikasubiri. Koko akamwagilia ndoo zake.

Kisha wafadhili wakajitoa, kibali cha mradi kikafika mwisho, ikaja amri kwamba kila kitu kiharibiwe kabla wakaguzi hawajafika. Dokta alitukusanya chumba cha taa. Sauti yake ilikuwa imekauka. Miaka ile ya kazi ilikuwa yake pia, si yetu tu.

"Na mashahidi?" niliuliza.

"Kila chupa yenye namba ya mradi."

"Dokta, hawana jeni."

"Wana namba, binti yangu."

Nilizichemsha zenye jeni kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipanga chupa ndani ya otoklevu, ule mtungi mkubwa wa mvuke, nikakaza kifuniko. Maabara nzima ikanukia mchuzi. Sitanii. Ilinukia jikoni kwa Koko, na Brayson alitoka nje akajifanya anapokea simu.

Ilipofika zamu ya mashahidi, nilichukua chupa moja. Ilikuwa na miche mitatu, mizizi yake myeupe imezunguka chini kama uzi. Nikaishika mbele yangu kwa mikono miwili, nikaanza kutembea kuelekea getini, mchana, watu wote wanaona.

Brayson alinikimbilia. "Dada, una wazimu? Angalau itie kwenye mkoba!"

"Ya kwetu siibebi kwa kuificha."

"Sasa wewe unataka nyanya au unataka kesi?"

Lilikuwa swali zuri. Nilikuwa na jibu nililodhani ni zuri zaidi. Getini siku ile alikuwa Mzee Lerionka, na Lerionka ni rika moja na baba yangu. Walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu mwanamume wa rika la baba yako ni baba yako, hata kama hajawahi kukununulia kalamu. Kila asubuhi nilipoingia kazini niliinamisha kichwa, naye akanigusa utosini, na madereva wa kituo wakatucheka. Nilichagua zamu yake kwa makusudi. Nilijua baba hatamzuia binti yake.

Nilipomfikia niliinama, chupa mikononi. Akanigusa utosini kama kawaida. Mkono wake ukabaki pale.

"Weka chini, mwanangu."

"Baba, ni ya Koko."

"Najua ni ya nani. Nimeila hiyo nyanya kabla hujazaliwa. Weka chini."

Askari mwingine yeyote ningempita. Ningempiga kikumbo. Ningempigia kelele kwa lugha zangu zote. Lakini binti hampiti baba mwenye mkono kichwani mwake. Mimi nilidhani hatanizuia, yeye alijua sitampita, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Niliiweka chupa kwenye zege. Lerionka akaiokota, akaifuta vumbi kwa kiganja, akageuza uso.

Sikufukuzwa siku hiyo. Dokta aliniita kesho yake. Chupa ilikuwa mezani kwake, karibu na dirisha, na miche yake ilikuwa hai.

"Sijaichemsha," akasema. "Mkurugenzi anataka uondoke leo hii. Nimekuombea. Kesho saa nne, wakati wa chai, usimame mbele ya wafanyakazi, useme ulichukua mali ya kituo na unaomba radhi. Basi. Kazi yako inabaki. Na chupa hii nitaiandikia kibali kama msaada wa kituo kwa bibi yako. Nakuahidi mbele ya Mungu."

Nilimwamini. Hata leo naamini angefanya hivyo. Ndiyo maana nilipanda mlimani jioni ile badala ya kumjibu. Kwa upande wangu lile neno la radhi lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa tayari kulitema mbele ya vikombe vya chai, nikapata miche mitatu, nikatimiza nilichomwahidi Koko. Kiburi changu hakizidi ndoo zile zilizopangwa ukutani.

Koko alikuwa anakamua. Alinisikiliza kichwa chake kikiwa kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Hiyo radhi utamwomba nani?"

"Kituo, Koko."

"Kituo umekikosea nini?"

"Nimechukua mali yake."

"Mali gani?"

Maziwa yakaendelea kulia ndani ya kibuyu.

"Niambie mali gani, wewe uliyesoma."

"Nyanya yako."

"Ahaa." Akasimama, akampiga ng'ombe kofi la upole ili asogee. "Basi ukisema hivyo mbele za watu, itakuwa si yangu tena. Itakuwa ya kwao, na wewe mwizi, na mimi maskini aliyepewa msaada. Na nikipewa msaada nitatakiwa niseme nini?"

Nilijua. Sikutaka kulitamka.

"Sema."

"Asante."

"Kwa mbegu yangu mwenyewe." Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hapana. Waichemshe."

"Koko, itapotea. Haipo mahali pengine popote. Hakuna."

"Najua kwamba hakuna!" Hapo ndipo alipopaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu trei ile ifike. "Unadhani ubao ule siuoni kila nikipika? Ipotee ikiwa yangu."

Nililala kwake. Asubuhi alinigusa utosini, akanipa chai ya maziwa.

Saa nne ukumbi ulijaa. Watu walikuwa na vikombe na maandazi, kama vile ni sherehe ya kumuaga mtu, na kweli ilikuwa hivyo. Chupa iliwekwa mezani mbele, juu ya kitambaa cheupe. Nadhani Dokta aliiweka pale ili initie moyo. Mkurugenzi akasema maneno yake kuhusu nidhamu, kisha wakanipa nafasi.

"Chupa ile ni mali ya kituo," nilianza, na nikaona mabega ya Dokta yakishuka kwa nafuu. "Kifuniko ni mali ya kituo. Chakula kilichomo ni mali ya kituo, nilikipika mimi kwa gesi ya kituo. Mmea si wenu. Nitoleeni mmea, hivyo vingine bakini navyo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza.

"Silantoi," Dokta akasema. "Neno moja tu, binti yangu. Sema neno moja."

"Neno lipi, Dokta? Lile ulilomwambia Koko garini? Au lile ulilolipeleka kwenye trei?"

Alifumba macho. Nikageukia ukumbi, nikawaeleza wote: miche ile mizuri, tuta la juu, maji ya mfereji, nyuzi nyeupe kwenye glasi. Sikupaza sauti. Kiswahili kikisemwa sawasawa hakihitaji kelele. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anatafuna.

Mkurugenzi akauliza, "Kwa hiyo unaomba radhi au huombi?"

"Siombi."

Walimpa Brayson chupa akaichemshe. Aliibeba kwa mikono miwili, kama nilivyoibeba mimi, na alipopita mbele yangu hakuniangalia. Nilikusanya koti langu na kikombe changu. Getini Lerionka alisimama, mkono ameuinua kunigusa utosini. Sikuinamisha kichwa. Alishusha mkono wake taratibu, akafungua geti.

Sasa nimepanga Kijenge, nafundisha watoto wa jirani sayansi kwenye veranda, na barua zangu za kuomba kazi zinarudi upesi kuliko zinavyokwenda, maana Arusha ni ndogo. Dokta alistaafu kabla ya wakati. Brayson ananitumia ujumbe: mzee hali chakula vizuri, amekonda, trei ile inamla, nimpigie, nimwambie pole, nimwambie samahani kwa kumvua nguo mbele ya watu, inagharimu nini? Mama naye ananiambia hivyo hivyo, mchungaji pia. Koko haniambii kitu. Amepanda vitunguu kwenye zile ndoo. Ubao uko palepale ukutani, mweusi kwa moshi, na hajauondoa.

Pole nitampa Dokta nikimkuta njiani, maana anaumwa. Radhi simwombi. Wala kituo sikiombi.